Kulala na gari Mlima Kenya: maandalizi ya msafiri wa Malindi

Gari la Malindi limezoea joto, barabara tambarare na hewa ya chumvi. Kambi za magari zilizo chini ya Mlima Kenya, kuanzia Naro Moru hadi Nanyuki na Timau, ni baridi, miinuko na hewa nyepesi. Mchana huwa hausumbui. Safari huharibikia usiku, na usiku hutayarishwa mapema, mengine kabla hujavuka daraja la Kilifi.

Kabla ya kuondoka

Msimu mzuri ni wa kaskazi, hasa Januari na Februari, mlima unapokuwa mkavu na kilele kinaonekana asubuhi. Julai hadi Septemba pia panafaa, ila kipupwe cha Malindi ni joto ukikilinganisha na cha kule. Epuka masika: njia za udongo zinazopanda kwenye mageti hugeuka tope, na gari zito la kulala hukwama hata likiwa na nguvu magurudumu yote manne.

Anza na betri. Chumvi ya bahari hula vichwa vyake na kuacha unga mweupe au wa kijani. Huku pwani gari huwaka vivyo hivyo, lakini baridi ya alfajiri hupunguza nguvu ya betri, na hapo ule unga unatosha kukuacha umesimama. Fungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Koroga kijiko kimoja cha bekingi soda kwenye kikombe cha maji ya moto, sugua kwa mswaki wa zamani, suuza, kausha, paka grisi. Unaporudisha, anza na chanya.

Kama redieta ina maji ya bomba matupu, mwambie fundi ayamwage na kuweka kulanti, yaani dawa ya kupozea injini, nusu kwa nusu na maji safi. Maji matupu huleta kutu na huchemka mapema gari linapopanda na mzigo. Pima pia urefu wa gari pamoja na vyote vilivyofungwa juu, uandike kwenye karatasi mbele ya usukani. Matawi na paa za vituo vya mafuta zimeng'oa paneli nyingi za sola.

Njiani

Kupitia Mombasa na Nairobi, Malindi hadi Nanyuki ni takriban kilomita 800. Zigawe siku tatu: lala Voi, lala karibu na Thika, siku ya tatu upande ili ufike mchana. Usiendeshe usiku kwenye barabara ya Mombasa. Malori ni mengi na mengine huharibika na kusimama bila taa. Injini isiyo na tabo (feni ya kuisukumia hewa) hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kila mita 1,000 unazopanda. Gari likiwa zito kuliko ulivyolizoea, shusha gia mapema, usikanyage mafuta hadi chini.

Mwili nao unahitaji muda. Nanyuki iko karibu mita 1,950 juu ya usawa wa bahari, Geti la Sirimon mita 2,650 hivi. Aliyetoka ufukweni alale Nanyuki usiku mmoja kabla ya kupanda zaidi. Kuanzia mita 2,500 baadhi ya watu huumwa kichwa na kukosa usingizi. Mtu akianza kutapika, kupepesuka au kuchanganyikiwa, mshushe mara moja, usingoje kupambazuke. Ukilala ndani ya hifadhi, malipo ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori hufanyika mtandaoni kupitia eCitizen. Yamalize mjini, mtandao wa simu msituni hauaminiki.

Kuchagua mahali na kuegesha

Fika kabla ya saa kumi jioni. Tembea uwanja wote kwa miguu kabla ya kuingiza gari, na mwulize mlinzi: "Mzee, mvua ikinyesha maji hupita wapi?" Jibu lake lina faida kuliko mandhari yoyote. Mwulize pia ndovu hupitia upande gani na kama uzio wa umeme unafanya kazi.

Elekeza kioo cha mbele mashariki. Asubuhi mlimani huwa na jua, mawingu hujaa kadiri mchana unavyosogea. Kwa hiyo jua la mapema ndilo litakalokausha vioo na kulisha sola.

Kisha sawazisha gari. Weka pimamaji ya fundi mwashi sakafuni, kwanza kwa upana, halafu kwa urefu. Upande ulio chini, panga mbao pana zenye unene wa sentimita 3 hadi 5, gari lipande juu yake taratibu. Usisawazishe kwa jeki, si kazi yake. Gari likishatulia, vuta hendibreki, tia gia, kisha gongea kabari kwenye magurudumu, upande unaotazama bondeni. Kama mwinamo mdogo umebaki, kichwa cha kitanda kiwe upande wa juu.

Umeme, maji, choo

Kambi yenye umeme hutoa soketi ya kawaida ya pini tatu, volti 240, ampea 13. Hiyo ni wati 3,100 hivi kwa jumla ya vitu vyote ulivyochomeka. Birika la wati 2,000 na hita ya wati 2,000 kwa pamoja ni fyuzi kuungua, au plagi kuyeyuka kama fyuzi imebadilishwa kwa kipande cha waya. Ekstensheni ya kuviringisha ifungue yote hata kama soketi iko karibu, kwa sababu waya uliojiviringa hubaki na joto lake. Plagi isiguse majani. Umande wa kule hulowesha kama mvua.

Kwa maji, beba mpira wako mwenyewe na uhesabu lita 15 kwa mtu kwa siku. Maji ya vyombo yaingie kwenye ndoo. Choo cha kubeba usikimwage kwenye shimo la kambi bila kuuliza: dawa zenye formalini huua vijidudu vinavyosaga uchafu shimoni.

Usiku wenyewe

Leso na shuka nyepesi hazitoshi. Baridi hushuka hadi nyuzi 10 na chini yake, na kubwa zaidi hutoka chini ya godoro, basi tandika blanketi chini pia. Watu wawili wakilala ndani ya gari, pumzi zao hutoa nusu lita ya maji au zaidi. Ukifunga vioo vyote utaamka godoro limelowa na dari inadondoka. Acha nafasi ya vidole viwili kwenye dirisha moja la mbele na moja la nyuma.

Jiko la makaa lisiingie ndani ya gari, hata likiwa limebaki majivu. Hewa yake ya sumu haina harufu na huua waliolala. Mtungi wa gesi usimame wima nje, na kila ukiunganisha regyuleta ipake povu la sabuni. Likitokota, gesi inavuja.

Maji huchemka kwa nyuzi 91 hivi kwenye mita 2,650, kwa hiyo maharagwe hayaivi kwa urahisi. Tumia presha kuka, au yachemshe Malindi uyabebe yakiwa yamegandishwa. Mafuta ya nazi yatashikana, ni kawaida. Vyakula vyote vilale ndani ya gari, dirisha la upande huo limefungwa, maana kima hawangoji uamke.

Kuteremka

Breki hufa kwenye mteremko, hasa zilizoliwa na chumvi. Anza kushuka na gia uliyopandia, ukanyage breki kwa nguvu kwa muda mfupi kisha uachie, usiiburute. Ukisikia harufu ya kuungua, egesha kando, tia gia, weka kabari, na uache hendibreki chini. Usimwage maji kwenye diski; chuma cha moto kikipoa ghafla hupinda. Subiri nusu saa kabla ya kuendelea.