Kabla ya kufuata wasasi wa nguruwe Unguja

Mtu wa Dar au Arusha akisikia kwamba kusini Unguja kuna msako wa nguruwe mwitu, mawazo yake hukimbilia kitimoto na ndizi za kuchoma. Afadhali hilo limalizwe kabla ya tiketi ya boti kukatwa. Huku nguruwe hasakwi kwa sababu ya nyama yake, anasakwa kwa sababu ya muhogo. Vijiji vya kusini na mashariki vinalima kwenye maweni, ardhi ya jiwe la matumbawe ambayo udongo wake unapatikana kidogo kidogo kwenye vishimo. Kundi la nguruwe likiingia kondeni usiku, linafukua muhogo na viazi vitamu, na asubuhi mwenye shamba anakuta mashimo. Ndipo wasasi, yaani wawindaji wa kijijini, wanapoitwa, na mbwa wao na mikuki yao. Nguruwe akishauawa, wengi wao hawataki hata kumshika.

Kwa hiyo jiulize unachotaka. Kama ni nyama, usivuke bahari. Bara kuna utaratibu wa vibali vya uwindaji chini ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, na tangu 2020 kuna kanuni zinazoruhusu mabucha ya nyamapori. Kama unachotaka ni msako wenyewe, yaani kuona jinsi watu na mbwa wanavyofanya kazi pamoja kichakani, basi jiandae.

Maandalizi ya kwanza ni ya watu, si ya vifaa. Hushuki bandarini Malindi, mjini Unguja, na mkuki begani ukapanda daladala ya Makunduchi. Tafuta mwenyeji anayewajua wasasi, akupeleke kwa kiongozi wao, na sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo lile, ajue kuwa ana mgeni na mgeni huyo amefuata nini. Kiongozi ndiye atakayejua kibali kinasemaje na mipaka iko wapi. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa 2004, hapasakwi. Misitu ya Kiwengwa-Pongwe, na Ngezi kule Pemba, nayo ni hifadhi. Kuhusu Pemba, wazee husimulia kwamba nguruwe wao waliachwa na Wareno. Hao ni wa jamii ya nguruwe wa kufugwa walioingia porini, tofauti na nguruwe mwitu wa Unguja.

Muulize kiongozi swali moja zaidi: mbwa wakiibua paa nunga, mnafanyaje? Mbwa hajui orodha ya wanyama wanaolindwa, na paa nunga ni mnyama adimu ambaye Unguja ni moja ya ngome zake za mwisho. Kiongozi mzuri atakueleza jinsi anavyowaita mbwa warudi. Ukijibiwa kwamba kila kinachotoka ni kitoweo, shukuru, unywe kahawa yako, urudi mjini.

Bunduki usiiwaze. Mbali na sheria, watu huwa wamekizunguka kichaka kimoja, na risasi ikigonga jiwe haijulikani itaelekea wapi. Baadhi ya wasasi huingia na mbwa wakipiga kelele, wengine husubiri kwenye vijia ambavyo nguruwe huvitumia kutokea. Kazi ya mgeni ni kusimama pale alipowekwa, nyuma ya msasi mwenye mkuki, na si katikati ya kijia. Nguruwe aliyebanwa hakwepi mtu, anampitia, na dume lina meno yanayochana paja kama wembe. Jike lenye watoto ni baya zaidi. Angalia mapema mti ulio karibu nawe, na kama unapandika.

Viatu ndivyo vitakavyoamua siku yako itakuwaje. Jiwe la maweni lina ncha kali, na raba za kitambaa hazimalizi asubuhi moja. Vaa buti zenye soli nene zinazofunika kifundo, kwa sababu majani huficha mashimo na midomo ya mapango. Suruali ndefu na mikono mirefu ni lazima hata kwenye joto. Ukipita kwenye upupu na fulana, msako kwako umekwisha, utabaki kujikuna. Maji beba ya kutosha, lita tatu hivi kwa mtu, maana juu ya maweni hakuna kijito cha kukusaidia. Wakati wa masika kichaka hufunga na mawe huteleza. Mimi ningechagua Juni mpaka Septemba, kipupwe, jua likiwa na adabu kidogo.

Sasa jambo ambalo wageni wengi hulidharau. Wenyeji wako kwa sehemu kubwa ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na kwao mate ya mbwa na mwili wa nguruwe ni najisi nzito: kilichoguswa kwa majimaji huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Wasasi wana nguo zao za msituni na namna yao ya kujitoharisha wakirudi. Wewe pia beba nguo za kubadilisha, turubai la kuwekea mzigo wako na mfuko wa kufunga vilivyochafuka. Usikae kwenye mkeka wa mwenye nyumba na suruali ile, wala usiombe kisu au sufuria yake. Na usipande daladala ukiwa na damu ya nguruwe, hata kama konda hajakuona.

Kama wewe unamla na umekubaliana na kiongozi kwamba mzoga ni wako, vaa glavu wakati wa kuchuna, na upike nyama mpaka katikati yake ifike nyuzi joto 71. Nyama ya nguruwe mwitu inaweza kuwa na minyoo, na kuikausha au kuifukiza moshi hakutoshi. Usibebe nyama mbichi kwenye boti. Nguruwe mwitu anaweza kuwa na virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila kuonekana mgonjwa. Homa hiyo haimpati binadamu, lakini huweza kumaliza zizi zima la nguruwe wa kufugwa, na haina tiba. Matumbo na mabaki yafukie chini.

Kabla ya siku yenyewe, hakikisha una chanjo ya pepopunda, na uliza kama mbwa wamechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Kule Pemba ugonjwa huo ulitokomezwa kwa kuchanja mbwa, ukarudi 2016, ukatokomezwa tena kwa njia hiyo hiyo. Mbwa akikuuma, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri kuona kama kitapona.

Uliza pia mchango. Mchele na dagaa wa mbwa hupokelewa vizuri kuliko noti inayotolewa mbele za watu. Na kamera iombee ruhusa asubuhi, kabla ya kuingia kichakani, kwa sababu wapo wasasi wasiotaka kabisa kuonekana mtandaoni wamesimama juu ya nguruwe.