SOMO: Safari ya kutafuta asili ya ukoo mashambani Ireland, hatua kwa hatua

Wakuu, salaam.

Kila mwaka mwezi wa pili ukiingia, ujumbe unamiminika: "Dada, bibi yake mume wangu alitoka Ireland, tunataka kwenda na watoto kiangazi, tuanzie wapi?" Nimejibu mpaka nimechoka. Naandika hapa mara moja. Atakayeniuliza tena nitamtumia somo hili na kunyamaza.

Kwa wasionijua: kwetu Pangani, nimeolewa Galway, huku Ireland, na ndugu za mume wangu wametapakaa Boston na Chicago. Kila kiangazi nageuka kondakta wa wageni wanaolia wakiona ukuta wa mawe.

1. Anza na wazee walio hai. Vyeti, barua, maandishi nyuma ya picha, zile kadi ndogo za marehemu zinazowekwa ndani ya vitabu vya sala.

2. Jua dhehebu. Siyo umbea. Mkatoliki utamtafuta kwenye madaftari ya parokia ya Kikatoliki, mtu wa Kanisa la Ireland (Waanglikana) kwingine kabisa, na Mpresbiteri wa kaskazini kwingine tena.

3. Pata taunlandi. Bila hiyo usikate tiketi.

Hapa someni polepole. Ireland imegawanywa kaunti 32, chini yake parokia, na chini kabisa taunlandi, ambayo kwa ukubwa ifikirie kama kitongoji chenye mashamba machache. Ziko zaidi ya 60,000. Mtu akikwambia "sisi asili yetu ni Mayo" ni sawa na kukwambia asili yake ni mkoa wa Tanga. Tanga ipi? Handeni au Mkinga?

Sasa balaa lake ni kwamba majina yanajirudia. Kilmore, Newtown, Glebe, ziko tele nchi nzima, na mengine yanajirudia ndani ya kaunti moja. Wakwe zangu niliwapeleka mwenyewe kwenye gofu la nyumba, wakapiga picha, mama mkwe akachota udongo akautia kwenye kopo la chai. Jioni mzee mmoja dukani akatuuliza, "Mnamtafuta yupi, wa huku au wa ng'ambo ya ziwa?" Kaunti ile ile, jina lile lile, taunlandi mbili. Yetu ilikuwa ya ng'ambo. Kopo la udongo lilishafungwa kwa gundi.

Kwa hiyo:

Tafuta jina kwenye logainm.ie, ambayo ni bure, uone ziko ngapi na kila moja iko parokia gani. Kisha fungua Tathmini ya Griffith kwenye askaboutireland.ie, bure pia. Hiyo ni orodha ya kodi ya ardhi ya 1847 hadi 1864: nani anakaa wapi, nani mwenye ardhi, na namba ya kiwanja kwenye ramani. Ukiona jina la ukoo wako usishangilie bado. Andika majina ya majirani wote wa taunlandi hiyo. Halafu nenda kwenye daftari la ubatizo uangalie wasimamizi wa watoto wa familia yako ni akina nani. Kama wasimamizi wanatoka kwenye yale majina ya majirani, umefika. Kama hakuna hata mmoja anayefanana, rudi logainm utazame ile taunlandi nyingine.

ONYO la kwanza: parokia ya serikali na parokia ya Kikatoliki ni vitu viwili. Mara nyingi hata majina hayafanani na mipaka inapishana. Griffith inafuata ya serikali, ubatizo unafuata ya Kikatoliki. Watu wengi wanapotelea hapo.

ONYO la pili: Griffith inamtaja mwenye kaya tu. Na kama watu wako waliondoka wakati wa Njaa Kuu, 1845 hadi 1852, huenda tathmini ilipofika kwao walikuwa washazikwa au washapanda meli. Njaa ile iliua watu kama milioni moja, na wengine zaidi ya milioni wakahama. Ukikosa jina lao kwenye Griffith siyo lazima uwe umekosea mahali.

ONYO la tatu: usiwaze tahajia. O' na Mac za mwanzoni mwa majina ya ukoo zilidondoshwa na kurudishwa kiholela. Na kwenye madaftari ya padri mtu anaandikwa Kilatini: James ni Jacobus, Bridget ni Brigida.

4. Nyaraka nyingine. Sensa za 1901 na 1911 zipo mtandaoni bure, Nyaraka za Taifa. Madaftari ya Kikatoliki mpaka karibu 1880, Maktaba ya Taifa, bure. Vizazi na vifo vya wote vilianza kuandikishwa 1864. Ndoa za wasio Wakatoliki tangu 1845. Hivyo viko irishgenealogy.ie, bure. Sensa za kabla ya 1901 msizitafute. Nyingine serikali yenyewe iliziharibu, na zilizobaki karibu zote ziliteketea Juni 1922 ofisi ya nyaraka pale Four Courts, Dublin, ilipolipuka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mtu anayekuuzia "sensa kamili ya 1841" mkimbie.

5. Piga simu parokiani wiki kadhaa kabla. Ongea na katibu, siyo padri. Padri mmoja siku hizi ana makanisa matatu. Omba wakuwekee tangazo dogo kwenye karatasi ya Jumapili: familia fulani wanakuja tarehe fulani, asili yao taunlandi fulani. Toeni sadaka kidogo. Kitangazo hicho kinafanya kazi kuliko tovuti zote nilizotaja.

6. Viza. Ireland haimo kwenye Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya. Narudia, HAIMO. Pasi ya Tanzania, Kenya au Uganda inahitaji viza ya Ireland, na ukivuka kwenda kaunti sita za kaskazini, zilizo chini ya Uingereza, unahitaji ya Uingereza, hata kama barabarani hutaona geti wala askari.

7. Gari. Wanaendesha kushoto kama kwetu. Gari la gia otomatiki liagize mapema.

8. Makaburini. Buti. Majani yanawasha. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge, ng'ombe ni wa mtu. Shamba likiwa na nyumba karibu, bisha hodi kwanza. Usikwangue ukungu kwenye jiwe la kaburi wala kulipaka chaki ili maandishi yaonekane; makaburi mengi ya zamani yanalindwa kisheria. Mulika tochi kwa ubavu, herufi zitajitokeza zenyewe. Na jueni kwamba maskini wengi hawakuwekewa jiwe lolote.

Basi. Ulizeni, ila someni kwanza.

---

Mtoto_wa_Ilala: Dada shukrani. Naomba unisaidie kutafuta ukoo wa Murphy, shemeji yangu anaitwa hivyo.

Binti Pangani: Murphy ni miongoni mwa majina yaliyojaa kuliko yote Ireland. Hatua ya 1.

Mtoto_wa_Ilala: Yeye anajua ni Cork tu.

Binti Pangani: Hatua ya 3.

Mama Wairimu, Dallas: Dada, hongera kwa kazi. Jambo moja linanitatiza. Babu mkuu wa mume wangu kwenye sensa ya 1901 ana miaka 54, ya 1911 ana 70. Ni mtu mmoja au wawili? Mke na watoto ni wale wale.

Binti Pangani: Mama Wairimu, swali tamu. Ni yeye yule. Sheria ya pensheni ya wazee ilipita 1908, malipo yakaanza Januari 1909 kwa waliofika miaka 70. Wengi walizaliwa kabla uandikishaji haujaanza, hawana cheti, na ghafla nchi nzima ikazeeka. Wengine walikuwa kweli hawajui umri wao. Kwa hiyo umri wa 1901 na wa 1911 usiuamini wote; tafuta ubatizo, na anza na miaka inayolingana na ule wa 1901. Nyongeza: kama unamtafuta mkewe, ndoa nyingi zilifungwa parokia ya bibi harusi, kwa hiyo daftari la parokia ya mume linaweza lisiwe na kitu.

Mama Wairimu, Dallas: Aki nimecheka. Na majina je? Naona Patrick, Michael, Patrick, Michael, hadi kichwa kinauma. Kwetu Wakikuyu tunawapa watoto majina ya nyanya na guka kwa mpangilio, nikajiuliza kama na hawa ni hivyo.

Binti Pangani: Ni hivyo! Desturi yao ya zamani: mtoto wa kwanza wa kiume anaitwa babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama. Wasichana ndipo mnapotofautiana: wao wa kwanza anachukua la bibi mzaa mama, nyie la bibi mzaa baba. Wewe utalisoma daftari lile haraka kuliko mumeo. Lakini ni desturi, siyo sheria. Itumie kukisia, halafu thibitisha.

Chuma_Chakavu: Haya yote ya nini? Si apime DNA amalize.

Binti Pangani: DNA itakwambia una binamu Ohio. Haikwambii nyumba ilisimama upande gani wa barabara. Sijasema usipime. Nimesema mimi nafundisha safari.

Salma wa Malindi: Nina viza ya Schengen ya Ufaransa, naweza kupitia

Binti Pangani: Hatua ya 6. Niliandika kwa herufi kubwa.

Salma wa Malindi: Samahani dada, nilisoma haraka. Mume wangu ana pasi ya Marekani, mimi nina green card.

Binti Pangani: Usijali. Yeye Ireland anaingia bila viza, wewe bado unahitaji. Green card haikusaidii hapo, na pasi yake haikufuniki. Mkienda kaskazini, wewe viza ya Uingereza, na yeye kibali cha mtandaoni kiitwacho ETA ambacho Wamarekani wanadaiwa tangu Januari 2025. Kama ukoo wake ni wa Tyrone au Antrim, nyaraka nyingi ziko PRONI, ofisi ya nyaraka ya kaskazini, Belfast, kwa hiyo panga mapema. Kama ni wa kusini, bakini kusini mpunguze makaratasi.

Salma wa Malindi: Na chakula? Sisi Waislamu, mashambani tutakula nini siku zote, viazi?

Binti Pangani: Viazi vya huku ni vitamu sana, usividharau. Samaki wapo pwani yote ya magharibi. Ila ukipita Mayo, tia Ballyhaunis kwenye njia. Mji mdogo, lakini una kiwanda cha nyama halali tangu miaka ya 1970 na msikiti uliojengwa 1987. Utanunua nyama ya kondoo ukapike ulikofikia. Chukueni nyumba yenye jiko badala ya hoteli.

Okello_K: Na sisi tusio na bibi Mwairishi je? Mama yangu alisoma kwa masista wa Mama Kevina, Uganda. Anataka kuona alikotoka sista huyo Mwairishi, kabla yeye mwenyewe hajazeeka zaidi.

Binti Pangani: Kaka, mlete mama. Huo nao ni ukoo. Mama Kevina jina la kuzaliwa ni Teresa Kearney, alizaliwa 1875 Knockenrahan, karibu na Arklow, kaunti ya Wicklow, akafika Uganda 1903 na kuanzia Nsambya. Alifia Boston 1957, na kaburi lake mama analijua, liko Nkokonjeru, huko huko Uganda. Arklow iko kusini ya Dublin na treni inafika, kwa hiyo hata gari si lazima. Andikieni parokia ya Arklow kama nilivyosema hatua ya 5, mseme mama anatoka Uganda na alisoma kwa masista wale. Mkiwa na nafasi, Kiltegan iko kaunti hiyo hiyo, makao ya mapadri wa Mtakatifu Patrick waliofanya kazi Kitui na Turkana.

Jaluo_Halisi: Kearney? Si ndiyo ukoo wa Obama upande wa mama?

Binti Pangani: Jina ni hilo, lakini sijaona popote panaposema ni ukoo mmoja. Falmouth Kearney wa Obama alitoka Moneygall, kaunti ya Offaly, akahamia Marekani 1850. Obama alifika kijijini Mei 2011. Kuna funzo la hatua ya 2 hapo: walikuwa watu wa Kanisa la Ireland, na kumbukumbu zao zilipatikana kwenye madaftari ya parokia ya Templeharry. Aliyechimba kwa Wakatoliki tu angeambulia patupu.

Jaluo_Halisi: Nasikia kuna kituo cha mafuta chenye jina lake.

Binti Pangani: Kipo, Barack Obama Plaza, barabara ya M7. Vyoo visafi. Mkitoka Dublin kwenda Limerick simameni hapo, watoto watafurahi.

Mzee Kombo: Binti, je mwanangu aliyezaliwa na Mwairishi wa Marekani atapata uraia wa huko?

Binti Pangani: Shikamoo mzee. Inategemea nani alizaliwa kisiwani Ireland. Kama ni babu au bibi wa huyo mtoto, anaweza kuomba kupitia daftari la vizazi vya nje. Kama ni mzazi wa babu, hapana, isipokuwa mzazi wake mtoto alishajiandikisha kabla mtoto hajazaliwa.

Mzee Kombo: Marahaba. Ni babu wa babu.

Binti Pangani: Basi mzee, aje kutembea tu.

Fundi_Gereji: Dada barabara zikoje? Nimezoea Land Cruiser.

Binti Pangani: Iache kwenu. Njia za mashambani ni nyembamba, nyingine zina majani katikati, na ukikutana na trekta mmoja wenu anarudi nyuma mpaka kwenye geti. Chukua gari dogo kabisa linalowatosha. Tangu Februari 2025 kasi kwenye barabara nyingi ndogo za vijijini ni kilomita 60 kwa saa, ila hutafika 60. Kaskazini vibao ni vya maili. Na ukipita M50 kuzunguka Dublin hakuna kibanda cha kulipia, kamera inasoma namba. Lipa mtandaoni kabla ya saa mbili usiku siku inayofuata, au uulize aliyekukodisha kama analipa yeye.

Mama Wairimu, Dallas: Dada swali la mwisho, mwezi gani mzuri?

Binti Pangani: Juni hadi Agosti, na siyo kwa sababu ya mwanga tu, ingawa Juni saa nne usiku bado unaona njia. Parokia nyingi kiangazi zina Jumapili ya makaburi: misa inasomwa makaburini, na koo zote zinakuja kusimama kwenye makaburi yao, hata waliohamia Uingereza. Muulize katibu wa parokia tarehe, panga safari kuizunguka hiyo. Utamkuta mtu amesimama kwenye jiwe lenye jina la mumeo, na hapo huna haja ya daftari. Bebeni miavuli, misa haiahirishwi kwa mvua.

Mtoto_wa_Ilala: Dada, shemeji ameuliza kwao. Wanasema Kilmore, Cork.

Binti Pangani: Afadhali. Sasa fungua logainm, hesabu ziko ngapi, urudi.