Kabla ya kulipia ukumbi, kakae kiti cha nyuma

Kama kikao chenu ni saa kumi alasiri, msiende kukagua ukumbi asubuhi. Nendeni wawili, saa ile ile na siku ile ile ya wiki. Washeni feni zote, mmoja akae kiti cha mwisho pembeni, mwengine asimame mbele asome chochote kwa sauti ya kawaida, asipaze. Halafu pigeni makofi mara moja katikati ya chumba. Mlio ukivuma na kurudi, msigawane vikundi humo: kila meza itapaza sauti kuishinda ya jirani, na baada ya dakika kumi mtakuwa kama mko sokoni Darajani. Nyumba za Mji Mkongwe zina tabia hiyo, kuta za mawe na chokaa, dari refu, sakafu tupu. Hakuna cha kuimeza sauti. Busati na mapazia mazito husaidia. Saa nayo ina maana, kwani jua la alasiri hupenya madirisha ya magharibi na kuufuta ukuta wa projekta. Ulizeni pia jenereta liko wapi (letu tulilikuta chini ya dirisha).

Ukaguzi huu hauna maana kwa paa la bati lisilo na dari wakati wa masika, Machi hadi Mei: mvua ikianza hamsikilizani. Na msiutegemee wa Shaabani kwa kikao cha Ramadhani, maana nyendo za mtaa mzima hubadilika.