Namna ya kuondoa vumbi la breki lililogandamana kwenye rimu za aloi

Dereva wa Kampala huzizoea breki kuliko gia za juu, kwa kuwa kutoka Wandegeya hadi Ntinda saa 12 jioni mguu hauondoki kwenye pedali. Kila breki inaposhikwa, pedi husuguana na diski ya chuma, vyote viwili hulika kidogo kidogo, na unga wake huruka ukiwa wa moto na kutua kwenye rimu. Chembe hizo hujichomeka katika vanishi inayoilinda aloi, kisha zikipata unyevu hushika kutu papo hapo zilipokwama. Ndiyo maana sabuni ya kawaida huacha vidoa vya rangi ya chungwa juu ya rimu ambayo kwa mbali huonekana safi: kutu imeota mizizi, na nguvu za mkono haziing'oi.

Hayo niliyajua kwa hasara. Kijana mmoja wa sehemu ya kuoshea magari, kwa nia njema kabisa, alizisugua rimu zangu kwa waya wa kusugulia masufuria. Ziling'aa kwa siku chache, halafu vanishi ikaanza kubanduka na aloi ikafanya ukungu mweupe usiotoka tena. Wako pia wanaopaka asidi ya betri. Asidi hiyo huila aloi, huzishikisha kutu nati, na huweza kumuunguza anayeipaka.

Gari liegeshwe kivulini na rimu zipoe kabisa, kwa sababu dawa inayokaukia kwenye rimu ya moto huacha madoa mapya. Kwa aliyetoka safari ya barabara ya moramu, kazi ya kwanza ni kumwaga maji mengi ili lile vumbi jekundu litoke lenyewe, maana mchanga ukiburutwa na brashi hukwaruza kama msasa. Baada ya hapo osha kwa sabuni ya gari na brashi laini, ukitumia mswaki wa zamani kuzunguka nati, na ndoo ya rimu isitumike kuoshea bodi. Jerikani 2 za lita 20 hunitosha kwa magurudumu yote 4.

Dawa ya kutafuta ni ile ya kuyeyusha chembe za chuma, isiyo na asidi kali. Kibandiko chake aghalabu hutaja pH (kipimo cha ukali wa asidi) inayokaribia 7, yaani si asidi wala alkali. Nyingi hutumia chumvi za asidi ya thioglaikoliki, ambazo hushikamana na chuma na kukifanya kichukuliwe na maji. Vaa glavu, fanya kazi mahali penye hewa, na uyapanguse maji yaliyosalia kwenye rimu yasiizimue dawa. Nyunyizia gurudumu moja tu kwa wakati mmoja. Baada ya dakika chache utaona michirizi ya zambarau ikishuka kwenye spoki na kukusanyika chini ya ukingo, ishara kwamba chuma kimepatikana; harufu ya yai viza utakayoisikia ni ya dawa yenyewe. Pitisha brashi taratibu kwenye pembe, kisha suuza dawa ingali mbichi, na kwa jua letu ni afadhali uwahi kuliko kuchelewa. Zambarau ikijitokeza kwa wingi mara ya pili, rudia. Ikififia, chuma kilichofikika kimekwisha.

Sasa ingiza kidole ndani ya kaveera jepesi, yaani mfuko wa plastiki, na ukipitishe juu ya rimu iliyokauka, kwani plastiki hiyo hukuza kila kikwaruzo kidogo. Panapoparuza, tumia udongo maalumu wa kusafishia rangi ya gari, ukiutelezesha juu ya maji ya sabuni bila kukandamiza. Vidoa vyeusi vya lami ni jambo jingine: hutoka kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, kisichogusa diski, na sehemu hiyo huoshwa kwa sabuni mara moja.

Paka nta rimu zikiwa kavu, ili vumbi lijalo likae juu juu na kutoka kwa maji na sabuni. Kabla ya kuingia barabarani, kanyaga breki kidogo mara kadhaa kwa mwendo wa polepole, diski zikauke.

Rimu za mbele kuchafuka kuliko za nyuma ni kawaida, kwa kuwa breki za mbele ndizo zinazobeba kazi kubwa, na magari mengi madogo yana breki za dramu zilizofunikwa nyuma. Lakini gurudumu moja la mbele likiwa jeusi kuliko mwenzake siku chache tu baada ya kuoshwa, weka ndoo kando na umwone fundi aikague kalipa, kifaa kinachobana pedi kwenye diski, kwani huenda imekwama na pedi inaendelea kuikwangua diski hata mguu ukiwa umeinuliwa.