Namna ya kumrushia kijembe shabiki wa lugha nyingine ya programu

Kijembe chenye makali ni kile ambacho mtani wako anaweza kukiendesha mwenyewe kwenye kompyuta yake, na kikatoa jibu lile lile ulilosema. Kijaribu kwanza.

Tuanze na JavaScript, maana haihitaji kusakinisha kitu. Fungua kivinjari, bonyeza F12, nenda kwenye konsoli. Andika "5" + 2, utapata "52". Andika "5" - 2, utapata 3. Alama ya kujumlisha ina kazi ya pili ya kuunganisha maandishi, kwa hiyo ikikuta maandishi upande mmoja, namba nayo hugeuzwa maandishi. Alama ya kutoa haina kazi nyingine, basi maandishi ndiyo yanayogeuzwa namba. Jifunze sababu hiyo, kwani mtani hakosi kukuuliza. Akijitetea kwamba ndivyo ilivyopangwa, mwambie aandike typeof null. Jibu ni "object", kosa la tangu miaka ya mwanzo ya lugha hiyo, iliyozaliwa 1995; limeachwa kwa kuogopa kuvunja tovuti zilizokwisha kuandikwa.

Usiguse 0.1 + 0.2. Ni kweli JavaScript hutoa 0.30000000000000004, lakini Python hutoa hivyo hivyo, na Java pia, kwa sababu zote hufuata IEEE 754, kiwango cha namna kompyuta inavyohifadhi namba za desimali. Shabiki wa Python akicheka hapo anajicheka mwenyewe.

Kisha angalia toleo. Vijembe vingi vinavyozunguka vimekwisha muda: Go, iliyokuwa ikichekwa kwa kukosa jeneriki (msimbo mmoja kutumika kwa aina nyingi za data), ilizipata katika toleo la 1.18, Machi 2022, na tangu PHP 8 ya 2020, 0 == "abc" si kweli tena. Kwa PHP tumia mpangilio wa vigezo (vitu unavyoipa funksheni), ambao bado unagongana: funksheni ya strpos hutaka kwanza maandishi ya kutafutia, in_array hutaka kwanza kinachotafutwa. Kwa Go, hesabu tu if err != nil, mstari wa kukagua kosa unaorudiwa kila mahali, katika faili moja.

Python kutokuwa na mabano ya kufungia bloku (kundi la mistari ya msimbo) si dongo. Wenyewe wamekuwahi: andika from __future__ import braces uone inavyokujibu. Hili huuma zaidi:

def weka(x, orodha=[]):
    orodha.append(x)
    return orodha

Ita weka(1), kisha weka(2). Ya pili inarudisha [1, 2], kwa kuwa orodha huundwa mara moja tu, pale def inaposomwa.

Rust? Achana na "iandikeni upya kwa Rust", imechuja. Wewe uliza tu kama mradi wao umemaliza kukompailiwa, yaani kugeuzwa kuwa programu inayoendeshwa, maana kwa Rust kazi hiyo huchukua muda.

Kijembe kielekee kwenye lugha, kisimguse mtu, na anayejifunza ndiyo kwanza aachwe kabisa: atadhani amechagua vibaya, aanze upya na lugha nyingine. Na mtani akikurudishia dosari ya kweli ya lugha yako, usianze kuhutubia. Iendeshe, cheka, mwongezee nyingine asiyoijua.