Namna ya Kutambua Maana ya Neno "Run" katika Sentensi

Mwanafunzi wa Kiingereza hufundishwa mapema kwamba "run" ni kukimbia, kisha siku moja hukutana na sentensi "She runs a hotel" akabaki akijiuliza hoteli inakimbiwaje. Kosa si lake. Peter Gilliver, mhariri wa kamusi ya Kiingereza ya Oxford English Dictionary, alipokipitia upya kitenzi hiki alihesabu maana 645, na hakuna anayezikariri zote, hata miongoni mwa waliozaliwa na lugha hiyo. Kinachowezekana ni kulisoma neno hili kwa kuangalia majirani zake, ustadi ambao msemaji wa Kiswahili anao tayari: akisikia kupiga pasi, kupiga simu au kupiga magoti, hatafuti nani amepigwa, kwa sababu anajua kwamba neno linalofuata ndilo lenye uzito.

Anza na mtenda. Akiwa mtu au mnyama, na kisitajwe kitu anachokitenda, mara nyingi kukimbia kunatosha. Mtenda akiwa mto au pua, tumia kutiririka. Ikiwa ni injini, imewashwa na inafanya kazi. Ikiwa ni rangi ya nguo, inachuja. Ikiwa ni basi, linafanya safari zake. Ikiwa ni barabara, inapita mahali fulani. Ukizitazama kwa makini utaona kwamba nyingi ya maana hizi zinabeba wazo moja la mwendo usiokatika, na wazo hilo ni mwongozo mzuri unapokutana na matumizi usiyoyajua.

Kisha uliza kama kuna mtendwa. Biashara, shule na programu ya kompyuta huendeshwa, lakini usikifanye kitenzi cha kuendesha kuwa dawa ya kila mahali: "run a test" ni kufanya kipimo, "run a bath" ni kujaza maji ya kuoga, "run a fever" ni kuwa na homa, na gazeti linalo-"run" habari linaichapisha.

Hatua inayodai uangalifu zaidi ni ya vile vineno vidogo vinavyofuata kitenzi, maana hapo ndipo wengi huteleza. "Run out of" ni kuishiwa, "run away" ni kutoroka, na "run over", gari linapohusika, ni kumgonga mtu au kumkanyaga. Hata hivyo kineno peke yake hakitoshi. "Run into a friend" ni kukutana na rafiki bila kutarajia, ilhali "run into a tree" ni kuugonga mti. "Run for president" ni kugombea urais, ilhali anaye-"run for the bus" anakimbia kweli ili asiachwe na basi. Kwa hiyo soma mpaka nomino inayofuata kabla ya kuamua.

Neno likitanguliwa na "a" au "the", kwa kawaida ni nomino. "A run of bad luck" ni mfululizo wa mikosi, "in the long run" ni hatimaye, na "a run on the bank" ni wateja kumiminika benki kutoa fedha zao kwa hofu kwamba itafilisika.

Unapoandika daftari lako la msamiati, usiweke "run" peke yake na orodha ya maana mbele yake. Andika kifungu kizima, kwa mfano "run out of sugar", na mkabala wake "kuishiwa sukari".