Somo: Kuzuia utapeli bila kumvua mteja faragha kwenye ubadilishaji wa sarafu za kidijitali

Wakuu, somo hili ni kwa wanaoendesha jukwaa la kubadilisha sarafu za kidijitali, au wanaojiandaa kulifungua. Msimamo wangu nautoa mapema: wengi tunarundika nyaraka za wateja huku mienendo ya akaunti tukiitazama kwa jicho moja. Picha ya pasipoti haimzuii tapeli aliyekwisha kumshawishi mteja halali atume pesa mwenyewe. Picha hiyohiyo ikivuja, tapeli kapata mtaji.

Hatua ya 1: Andika unazuia nini

Usianze na fomu, anza na uhalifu. Yupo anayefungua akaunti kwa kitambulisho cha mwingine. Yupo anayeteka akaunti ya mteja kwa kuiba nenosiri au kuhamisha laini yake ya simu. Yupo anayemrubuni mteja kwa mapenzi ya uongo au uwekezaji hewa, na yupo anayetakatisha fedha. Kitambulisho kinamsumbua wa kwanza na wa mwisho. Kwa yule wa kurubuni hakifui dafu: mteja ni yeye kweli, simu ni yake, na kidole kilichobonyeza ni chake.

Sasa pitia fomu yako. Kipengele kisichozuia uhalifu wowote, wala kudaiwa na sheria, kitoe.

Hatua ya 2: Panga uhakiki kwa ngazi

Soma kwanza sheria ya nchi unakofanyia kazi. FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha, mwaka 2019 kiliweka kiwango cha dola au euro 1,000 kwa miamala ya mara mojamoja. Ukivuka hapo, uhakiki ni lazima. Pia majukwaa yanapotumiana sarafu yapelekeane taarifa za mtumaji na mpokeaji. Umoja wa Ulaya umekaza zaidi: tangu 30 Desemba 2024 taarifa hizo huambatana na muamala kati ya majukwaa hata ukiwa mdogo. Ndani ya mipaka hiyo, mwenye kubadilisha kidogo usimdai ushahidi wa chanzo cha mapato. Huo subiri kiasi kikubwa au dalili mbaya.

Hatua ya 3: Tenganisha jina na anwani ya pochi

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Anwani ya pochi ni ile namba ndefu ambayo mteja hupokelea na kutumia sarafu zake. Daftari la benki likivuja, mwizi anaona yaliyokuwemo siku ile. Blokucheni ya Bitcoin, yaani daftari la pamoja la miamala yake yote, iko wazi kwa kila mtu, kwa hiyo anayepata jina la mteja likiwa limeunganishwa na anwani ya pochi yake anasoma miamala ya nyuma, na ataendelea kusoma ijayo anwani hiyo ikitumika. Atajua nani ana kiasi gani, na nyaraka zako zitamwonyesha anapoishi.

Kwa hiyo vitambulisho vikae kwenye hifadhi yake, vimesimbwa (vimegeuzwa visisomeke) kwa ufunguo wake. Miamala ikae kwingine kwa namba ya mteja tu. Mhudumu wa dawati asifungue kitambulisho bila tiketi iliyo wazi (ombi la mteja lililosajiliwa), na kila anapofungua kumbukumbu ibaki. Weka pia kikomo cha faili kwa siku. Mei 2025 Coinbase, jukwaa la Marekani la kubadilisha sarafu hizi, ilitangaza kwamba wahalifu waliwahonga baadhi ya wahudumu wake wa nje ya Marekani, wakachota majina, anwani za makazi na picha za vitambulisho vya wateja wapatao 69,000, kisha wakadai dola milioni 20. Manenosiri na funguo za siri havikuguswa. Walichotaka ni orodha ya watu wa kuwapigia wakijifanya Coinbase.

Jambo dogo la kiufundi: ukibadilisha namba za simu kuwa hashi ya kawaida (msimbo unaokokotolewa kutokana na namba yenyewe), hujaficha kitu. Namba zinahesabika, na kompyuta inazijaribu zote. Tumia hashi yenye ufunguo wa siri, na ufunguo usikae seva moja na data.

Hatua ya 4: Nunua muda

Muamala ukishathibitishwa kwenye blokucheni haurudi. Ndiyo maana kuchelewesha ni kinga kubwa, na hakukudai taarifa yoyote mpya ya mteja. Kifaa kipya, nenosiri limebadilishwa, kisha ndani ya saa moja anwani mpya ya kutolea: shikilia muamala saa 24 na umjulishe mteja kwa njia aliyoisajili zamani. Anayeonekana kurubuniwa usimwulize "Una uhakika?", maana atasema anao. Uliza: "Kuna mtu anakuelekeza kwa simu au ujumbe sasa hivi?"

Hatua ya 5: Pima kengele zako

Tuseme katika miamala 100,000 utapeli ni 100. Mfumo unanasa asilimia 99 ya utapeli na kukosea kwa asilimia 1 tu ya miamala halali. Utanasa 99, lakini utawasimamisha wasio na hatia 999. Ukimdai kila mmoja wao selfi na taarifa ya benki, umejaza hifadhi nyaraka za watu wema. Kengele ya kwanza ijibiwe kwa kuchelewesha na swali. Nyaraka zije baadaye, kama bado kuna shaka.

Hatua ya 6: Futa

FATF inataka kumbukumbu zitunzwe angalau miaka 5. Muda wa kisheria ukiisha, futa, na nakala rudufu pia.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mteja anafunga akaunti na anataka kila kitu kifutwe leo. Namjibuje?

Jibu: Mwambie wazi kipi sheria inakulazimisha kubaki nacho na hadi lini. Hicho kihamishie hifadhi iliyofungwa. Data za matangazo na historia ya vifaa futa, isipokuwa kama kuna uchunguzi unaoendelea. Na usithubutu kuandika taarifa binafsi kwenye blokucheni. Huko hakuna kufuta.

Swali: Mkuu, nikisimamisha muamala nimweleze sababu? Mwanasheria wetu anasema ninyamaze.

Jibu: Inategemea. Kama umepeleka ripoti ya tuhuma za utakatishaji, kumtonya mhusika ni kosa, mwanasheria yuko sahihi. Kama unamlinda asitapeliwe, mweleze kila kitu, tena haraka. Andaa ujumbe wa aina mbili, wahudumu wasiuchanganye.

Swali: Aliyepitisha sarafu kwenye kichanganyaji (huduma inayochanganya sarafu za watu wengi ili chanzo kisijulikane) nimfungie moja kwa moja?

Jibu: Angalia kwanza orodha ya vikwazo inayokuhusu, ya tarehe ya leo. Marekani iliiwekea Tornado Cash, moja ya vichanganyaji hivyo, vikwazo Agosti 2022, ikaiondoa Machi 2025. Kama hakuna kizuizi, uliza chanzo cha fedha na upime jibu. Wapo wanaoficha salio lao kwa kuogopa majambazi.

Swali: Sisi tuko watatu tu ofisini. Haya yote tutayaweza?

Jibu: Uhakiki mpeni mtoa huduma wa nje, nyie mbaki na matokeo: amehakikiwa, ngazi gani, tarehe, namba ya rejea. Lawama kisheria inabaki kwenu, hivyo mkataba useme nyaraka mtazipata mara mdhibiti akizidai, zitafutwa lini, na watawajulisha ndani ya saa ngapi zikivuja. Asiyekubali kipengele hicho cha mwisho, tafuteni mwingine.